Rodolaiti: namna ya kuiangalia, kuipima na kuinunua bila kulizwa

Chemsha rozela, chuja, mimina kidogo kwenye glasi halafu inua juani. Utaona nyekundu yenye uzambarau kwa mbali, inawaka mpaka unaona huruma kuinywa. Sasa geuka uchungulie ile iliyobaki kwenye sufuria. Nyeusi tii. Rozela ni ileile, kilichobadilika ni kina tu.

Ukishalielewa hilo umeshaelewa nusu ya biashara ya rodolaiti, jiwe la vito lenye rangi kama hiyo ya rozela, na mimi ningelielewa mapema ningeokoa hela ya mzigo wangu wa kwanza, hiyo nitaisimulia huko mbele. Nimeandika haya kwa ajili ya wale wanaotaka jiwe moja la pete, na pia wale wanaotaka kuanza kununua vimzigo vidogo vya ghafi, yaani mawe ambayo hayajachongwa, wakachongeshe. Macho yanayohitajika ni yaleyale.

Kwanza tuelewane jiwe lenyewe ni nini. Garneti sio jiwe moja, ni ukoo mzima. Wamo pairopi wenye magnesi nyingi, almandini wenye chuma, spesataiti wa rangi ya chungwa, na upande wa pili wa ukoo ndio yupo tsavoraiti ya kijani. Rodolaiti ni mtoto wa pairopi na almandini, ila damu ya pairopi ndiyo imezidi. Chuma ndiyo inaleta ule wekundu mzito, ikizidi sana jiwe linaanza kuingia ukahawia na giza, ikiwa ya kiasi unapata ile rangi ya rozela au ya punje za komamanga zilizoiva. Na wala sijaokota mfano wa komamanga barabarani, neno garneti lenyewe linatokana na Kilatini cha komamanga. Jina rodolaiti lilitolewa 1898 kwa mawe ya North Carolina kule Marekani, walilichukua kwenye neno la Kigiriki la waridi, kwa hiyo kwa Kiswahili cha kawaida hili ni jiwe la waridi.

Lakini mawe mengi utakayoyaona sokoni siku hizi hayatoki huko, yanatoka kwetu na kwa majirani. Tanga kuna Bonde la Umba, upande wa Kalalani, Manyara kuna Simanjiro ukiingia Komolo na Lelatema, kusini kuna Tunduru na Songea ambako mawe yanaokotwa kwenye changarawe za mito yakiwa yameshasuguliwa na maji. Wakenya wanayo Taita Taveta, Kasigau na Mwatate. Msumbiji, Sri Lanka na India nao wamo. Mtu akikwambia ya Umba ndiyo bora kuliko zote usimbishie, ila usimuongezee hata mia kwa ajili ya jina la mahali. Kwa rubi jina la mgodi linaweza kupandisha bei, kwa rodolaiti unalipia kile unachokiona.

Umba ina kisa kingine. Wachimbaji walikuwa wanatafuta rodolaiti, wakawa wanapata na mawe ya pinki yenye uchungwa ambayo wanunuzi hawakuyataka kwa sababu hayakufanana na kitu wanachokijua, basi yakatupwa pembeni yakaitwa malaya, jiwe lisilo na kwao. Leo garneti ya malaya nzuri inaweza kukushinda bei kuliko rodolaiti iliyokuwa inatafutwa. Wazungu wengine wanaandika malaia ili kupunguza aibu, sisi tunaojua maana tunacheka tu.

Sasa tuje kwenye kuangalia, hapa ndipo hela inapopotelea.

Kosa kubwa la mnunuzi mgeni ni tochi. Dalali anaweka jiwe juu ya tochi, linawaka kama kaa la moto, moyo unaruka, mkono unaingia mfukoni. Tochi iko CHINI ya jiwe, mwanga unapenya kwa nguvu, hata jiwe lililokufa kabisa litawaka. Wewe ukilivaa kidoleni utakuwa na tochi chini ya kidole? Tochi ni ya kutafutia nyufa na uchafu ndani ya jiwe, basi. Rangi inanunuliwa kwa mwanga unaotoka juu, vile ambavyo watu wataliona.

Kwa hiyo jiwe lililochongwa liweke kwenye kiganja au katikati ya vidole viwili, uso juu, usogee mlangoni kwenye kivuli chenye mwanga mzuri, sio juani moja kwa moja. Litikise taratibu. Unataka uone wekundu unatembea jiwe zima, huku unazima kule unawaka. Likiwa na vipande vyeusi ambavyo havifunguki hata ukiligeuza, hilo limezima, na likiwa limezima kivulini mchana basi ukumbini usiku litakuwa kipande cha mkaa. Baada ya hapo rudi nalo ndani. Balbu za njano za dukani zinaipendelea rodolaiti, zinavuta wekundu na kuficha uzambarau, taa nyeupe zinafanya kinyume chake. Hakuna ubaya, rangi inayobadilika kidogo ndio tabia yake, lakini unatakiwa uijue kabla ya kulipa, maana nimeona mtu kanunua jiwe jekundu usiku kaamka nalo la zambarau anadai kabadilishiwa.

Rangi ipi ndiyo nzuri? Inayosakwa zaidi ni pinki-zambarau iliyo wazi, yenye nguvu lakini sio nzito, kama ile rozela ya kwenye glasi. Nyekundu ya kawaida iliyo safi nayo inapendeza ila bei inashuka. Yenye ukahawia iache, labda kama inauzwa bei ya shanga.

Kuna kitu wanakiita dirisha. Weka jiwe juu ya karatasi yenye maandishi, uso juu, uchungulie. Ukisoma herufi katikati ya jiwe, mwanga unapita tu kama kwenye kioo cha dirisha, haurudi machoni. Wakataji wengi wanafanya hivyo makusudi kwa jiwe lenye rangi nzito, wanalichonga bapa ili giza lipungue, na wakati mwingine ni uamuzi wa busara kabisa, ila usilipie bei ya jiwe lililochongwa vizuri. Kinyume chake ni kitumbo. Ligeuze ulitazame ubavuni, ukikuta chini limevimba kama mtungi ujue mkataji alikuwa anaokoa uzito, na uzito huo utaulipia wewe ingawa ukishalivika kwenye pete hakuna atakayeuona. Ndiyo maana kila siku uliza karati, yaani uzito, NA milimita. Garneti ni nzito, almasi ya duara ya milimita 6.5 ni karati 1 hivi lakini rodolaiti ya upana huohuo inakuja kama karati 1.2, kwa hiyo ukiambiwa karati 2 usipige picha kichwani ya jiwe kubwa hivyo.

Usafi sasa. Rodolaiti nyingi huwa safi kwa macho, kwa hiyo huna sababu ya kukubali ufa unaoonekana bila lupu, ile lenzi ndogo ya kukuzia, labda bei iwe imeanguka kweli. Ukiingia na lupu ya mara kumi ukaona visindano vyembamba vimepishana, usiogope, hivyo ni vya asili na mimi huwa nafurahi kuviona vikiwa vichache maana kioo hakina visindano hivyo. Vikijaa jiwe zima ndio shida, jiwe linapata ukungu, linakuwa limelala, halina ule mng'aro. Mawe ya hivyo mara nyingi yanafaa kuchongwa mviringo juu bila faceti, yaani zile nyuso ndogondogo bapa, na mengine yakipata bahati yanatoa nyota ukiyaangazia taa moja.

Na hapa ndio naipendea rodolaiti. Tanzanaiti karibu zote zimechomwa kwenye tanuru ili rangi ipendeze, rubi nyingi zimechomwa, nyingine zimejazwa kioo kwenye nyufa. Rodolaiti kwa kawaida haichomwi, inatoka ardhini, inachongwa, basi. Kwa hiyo wewe na tajiri wa Bangkok mnaangalia kitu kilekile, hakuna siri ya tanuru anayoijua yeye, anayekuzidi anakuzidi jicho tu na jicho linafundishika. Muuzaji akikwambia hii bei imepanda kwa sababu halijachomwa, tabasamu umwambie na hayo mengine yote mezani nayo hayajachomwa.

Feki zipo lakini. Kioo chekundu ndio mgeni wa kwanza, ukikiweka mdomoni au shavuni kinapata joto haraka, garneti inabaki baridi kwa muda, halafu kwa lupu utaona vipovu vya duara na kingo za faceti zilizolainika kama sabuni iliyotumika. Kwenye pete za zamani kuna ujanja wa kitambo, kipande chembamba cha garneti kimebandikwa juu ya kioo. Ligeuze uso chini kwenye karatasi nyeupe, ukiona duara jekundu limezunguka ukingo wakati katikati kuna rangi nyingine ujue ni mbandiko.

Sumaku inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Tafuta ile ndogo yenye nguvu ya niodimiamu, sio ya kwenye friji. Weka jiwe juu ya kipande cha foma kinachoelea kwenye bakuli la maji, halafu sogeza sumaku karibu bila kugusa. Rodolaiti kwa sababu ya ile chuma ya almandini itaifuata sumaku taratibu kama kifaranga. Rubi inakaa, spineli nyekundu inakaa, kioo kwa kawaida kinakaa. Tumalini nyekundu inaweza kufuata kwa uvivu, kwa hiyo hiyo ikamate kwa lupu, chungulia kupitia juu uangalie kingo za faceti za nyuma, kwenye tumalini kingo zinaonekana mbilimbili, kwenye garneti kamwe hazigawanyiki. Kisha kuna ile taa ya kukagulia noti bandia, washa gizani uielekeze kwenye jiwe, rubi nyingi na spineli za Mahenge zinawaka nyekundu, rodolaiti haina habari, inabaki imenuna.

Mtu mwenye refraktomita, kifaa cha kupima jiwe linavyopinda mwanga, atakuambia inasoma kati ya 1.74 na 1.77, sawa, ila rubi nayo iko humohumo 1.76 na 1.77, tofauti ni kwamba rubi inatoa mistari miwili na garneti mmoja. Usikubali namba peke yake. Jiwe likiwa la hela nyingi lipeleke kwa mtu mwenye vifaa, na ukitaka kulijua jambo kiundani Arusha kuna Kituo cha Jemolojia cha serikali, wanafundisha mpaka kuchonga.

Sasa mzigo wangu. Nilikuwa na hela ya mauzo ya pikipiki, broka mmoja akaniletea gramu 40, mawe makubwamakubwa, moja lilikuwa na gramu 6 peke yake, safi kabisa ndani. Akawasha tochi. Kaa la moto! Nikaona hapa natoka maisha, nikalipa bila hata kuyatoa nje, tena nikamuomba asimwambie mtu. Mkataji alipoyaona akanyamaza kidogo akasema tu tutaona. Jiwe la kwanza likatoka karati 8, limekaa vizuri, faceti zimenyooka, jeusi kama zeituni. Hapo ndipo aliponionyesha kwa chai yake ya rangi, kwenye kijiko na kwenye kikombe, mimi baadaye nikahamishia mfano kwenye rozela maana rangi zinafanana. Tuliishia kuyapasua yaliyobaki kuchonga vidogo vya karati moja na nusu kushuka chini, vikafunguka vizuri tu, vikarudisha kama nusu ya hela. Lile la karati 8 bado ninalo, sijapata wa kumuuzia na nikipata sidhani kama nitamuuzia kwa amani.

Kwa hiyo ukinunua ghafi kanuni ni hii, jiwe dogo linaweza kuwa na rangi nzito kidogo, jiwe kubwa lazima liwe na rangi nyepesi, yaani kwenye ghafi liwe kama limechujuka. Lilowanishe kwa maji ili ngozi isikudanganye, lishike kwa vidole viwili ulielekeze angani na sio kwenye jua lenyewe, uliangalie kupitia upande wake mnene zaidi. Rangi ikipita na kuonekana hai, endelea na maongezi. Ukiona mwanga kwenye kingo nyembamba tu na katikati giza, weka chini. Angalia na umbo, maana jiwe bapa hata liwe na rangi ya mbinguni litakutolea kitu chembamba chenye dirisha.

Hesabu yake usiifanye kwa macho. Gramu 1 ni karati 5. Tuseme mzigo wa gramu 20 wanataka laki 4, hiyo ni karati 100 za ghafi. Kwenye kuchonga robo ndio makadirio ya mtu asiyejidanganya, kwenye mzigo mbaya hata chini ya hapo, kwa hiyo unabaki na karati 25, laki 4 gawa kwa 25 ni elfu 16 kwa karati na bado hujamlipa mkataji. Ndipo ujiulize kama karati moja iliyochongwa ya rangi ile unaweza kuiuza zaidi ya hapo na kwa nani. Kama huna jibu la kwa nani, mzigo ni ghali hata ukiwa rahisi.

Mzigo uumwage wote kwenye karatasi nyeupe, usiangalie yale matatu ya juu. Mizigo inapangwa, mazuri yanakaa juu, chini kuna makapi. Uliza kama ni bei ya kuchagua au ya kukomba, kuchagua ni ghali ila mgeni namshauri achague. Na dalali akianza kusema kuna Mhindi anasubiri nje, mwache Mhindi aingie.

Sheria usiipite pembeni. Tanzania tangu 2019 kuna masoko ya madini, ghafi inauziwa humo, anayenunua na kuuza anatakiwa awe na leseni ya udalali au ya dila (mfanyabiashara wa madini), na leseni ya udalali ni ya Mtanzania. Kuna mrabaha asilimia 6 kwa vito ghafi na ada ya ukaguzi asilimia 1, ulizia viwango vya siku hiyo kwenye ofisi ya Tume ya Madini. Kununua porini kwa kunong'onezana bei inaonekana tamu mpaka ukutane na kizuizi barabarani huna karatasi. Anayetaka jiwe moja la pete anunue lililochongwa kwa muuzaji mwenye leseni, adai risiti, na kama anasafiri nalo nje aulizie kibali kabla ya kufika uwanjani, sio akiwa kwenye foleni na begi mkononi.

Kununua kwa picha mtandaoni, mimi huomba video, jiwe likiwa mkononi karibu na dirisha, linageuzwa, bila taa. Picha ya jiwe kwenye kitambaa cheusi chini ya taa kali ni ndugu wa tochi. Omba milimita tatu, urefu, upana na kina, na makubaliano ya kurudisha kwa maandishi. Anayekataa kutoa video ya dirishani ameshakujibu.

Ukishalipata, sonara wako mwambie mambo mawili. La kwanza, aache nyuma ya pete wazi, mwanga uingie, maana rodolaiti ukiifunika nyuma kwa dhahabu umeirudisha kwenye sufuria. La pili, kama kuna kuchomelea au kurekebisha ukubwa wa pete alitoe jiwe kwanza, garneti haipendi kupata moto ghafla, inapasuka. Ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs, ambacho almasi ni 10, ni 7 mpaka 7.5, inatosha kuvaliwa kila siku kwa mtu mtulivu, ila mchanga na vumbi letu vina chembe za kwazi zenye ugumu wa 7, kwa hiyo kuifuta kavukavu kwa shati kila mara kunachubua faceti taratibu. Maji vuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini wa mtoto, isuuze, ianike kivulini.